Kamba za Ndesanjo

— Agnela, kama unakuja, njoo sasa hivi. Wanampiga kaka, watamuua.

Evelyn, dada yake Ndesanjo, alikata simu kabla hajajibiwa. Agnela alitoka Levolosi na kandambili miguuni, akapanda bodaboda, na njia nzima hadi Kimandolu alikuwa akimhimiza dereva aongeze mwendo.

Kwa mzee Abdiel, baba yao, alikuta migomba yote ya uani imelala chini, imefyekwa kwa panga. Ndesanjo, mpenzi wa Agnela mwaka wa pili huu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya banda la ng'ombe. Jicho moja lilikuwa limevimba, mdomo umepasuka. Alikuwa anaimba, anacheka na kuhubiri, vyote kwa pamoja, damu ikimchuruzika kidevuni. Hakuwa amelala tangu Jumatatu. Asubuhi hiyo alisema migomba inamsengenya, akaingia kuifyeka, na baba yake alipomzuia alimkata mkono.

Mzee alikuwa amefunga jeraha kwa kanga, na kwa mkono mzima alikuwa anachapa. Mdogo wake alishika kamba isilegee. Walishaamua kwamba ni bangi na jeuri, na jeuri ya kijana dawa yake fimbo.

— Shikamoo, baba. Naomba umwache. Ni mgonjwa.

— Mgonjwa anashika panga kumkata baba yake? Toka nyumbani kwangu.

Fimbo ikashuka mbavuni, kitu kikasikika kuvunjika. Ndesanjo akaacha kuimba.

Agnela angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Ugonjwa wa Ndesanjo ulikuwa siri yao wawili. Tangu mwaka jana Ndesanjo alikuwa anahudhuria kliniki na kumeza dawa kwa kujificha, maana katika ukoo ule ugonjwa wa akili ulitajwa kwa kunong'ona. Dawa zilimtuliza, ila zilimletea usingizi na kumnenepesha. Miezi miwili nyuma Agnela alichoka kuwa na mpenzi anayesinzia katikati ya maongezi, akamwandikia: "Kama unanipenda achana na hivyo vidonge. Dawa yako ni mimi." Ndesanjo akaacha siku hiyo hiyo. Mapenzi ya ujana yana ujinga wake, lakini huu ulipitiliza.

Agnela akaenda kwenye ua, akachuma jani la isale, jani la kuombea msamaha, akarudi mbio na kujitupa kati ya fimbo na Ndesanjo. Pigo lililofuata lilimpata yeye begani. Akapiga magoti, jani kalishika kwa mikono miwili.

— Mwenye kosa ni mimi, baba. Alikuwa anatumia dawa za hospitali, mimi nikamwambia aache. Damu yako imemwagika kwa sababu yangu.

— Usilipokee, kaka, alisema baba mdogo. Huyu binti ndiye aliyemharibu mtoto.

Mzee Abdiel alikuwa anahema. Alitoka Marangu miaka thelathini iliyopita, lakini alijua vizuri kwamba Mchaga aliyeletewa isale hakatai, hata kama anayelileta ameua. Alimtazama Agnela kwa chuki kabisa.

— Unaomba nini?

— Mfungue. Tumpeleke hospitali.

Mzee akalichukua jani. Akamwamuru mdogo wake afungue kamba, mdogo wake akagoma, na wazee wawili wakapigana pale matopeni, kanga ikafunguka na jeraha likachuruzika upya, mpaka baba mdogo akaangushwa. Mzee alizikata kamba mwenyewe na kumbeba mwanawe hadi barabarani.

Wiki tatu baadaye Ndesanjo alikuwa ameketi kitandani wodini, mbavu zimefungwa bandeji, macho yametulia. Dawa zilikuwa zimeanza kufanya kazi. Agnela alikuwa amemweleza yote, pamoja na kwamba baba yake huja kila siku, huketi kwenye benchi nje na kuondoka, kwa aibu ya kuingia.

— Leo yupo?

— Yupo.

— Mwambie aingie.

Agnela alifurahi, akamshika mkono. Ndesanjo akautoa taratibu.

— Na mimi je, Ndesa? Umenisamehe?

Ndesanjo hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Agnela.

— Nakupenda. Lakini baba alinipiga kwa sababu hakujua. Wewe ulijua.

— Nilikosea.

— Ulikosea, na mimi nikakusikiliza. Sikufukuzi. Mwite baba, halafu ukae nje kwanza. Siku nikiwa tayari nitakuita.

Agnela akatoka. Alimwambia mzee kwamba anaitwa. Mzee akasimama, akavua kofia, akaingia huku akilia kwa sauti bila kujali wauguzi. Agnela akaketi kwenye benchi lile, akaanza kusubiri.