Kaseti Iliyofuliwa

Kila siku baada ya shule, msichana aliyebandikwa jina la Kinyaa alivua sare, akala, akaosha sahani yake mara mbili, kisha akaenda kumsaidia shangazi yake karakanani. Jina hilo hakupewa bure. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini orodha ya vitu vilivyomchefua ilikuwa ndefu kuliko umri wake: kikombe chenye alama ya mdomo, unywele uliogandia kwenye sabuni, mtu anayelamba kidole ndipo afunue ukurasa. Wenzake walimtania kwamba siku moja ataosha hata maji.

Shangazi alikuwa fundi wa redio na televisheni. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu. Nyuma palikuwa na meza ya kazi iliyojaa bisibisi, vipande vya waya na matumbo ya redio. Mbele, karibu na mlango, palikuwa na televisheni mbili za kuchezea gemu. Moja iliunganishwa na mashine ya zamani, iliyowazidi umri watoto wote waliokuja kuicheza. Nyingine ilikuwa na mashine mpya, nyeusi, inayong'aa, ambayo Shangazi aliileta akidhani watoto watapagawa nayo.

Walipagawa wiki moja. Baada ya hapo, mmoja mmoja, wakarudi kwenye ile ya zamani.

Kinyaa hakuwaelewa hata kidogo. Ile ya zamani, jamani! Padi zake, vile vidude vya kubonyezea, zilikuwa zimeota utando wa jasho na mafuta ya chipsi. Ukizishika zinakung'ang'ania vidole. Gemu yenyewe ilikuwa ndani ya kaseti, kipande cha plastiki cha ukubwa wa kiganja kilichochomekwa juu ya mashine, na kaseti hiyo ndiyo iliyomtia kichefuchefu kuliko vyote.

Mara nyingi ikichomekwa, picha hazitokei. Hapo ndipo alipoitwa Kipenga, mvulana wa jirani aliyepata jina hilo kwa wingi wa pumzi zake. Kipenga aliichomoa kaseti, akaileta mdomoni na kupuliza kwenye vile vipande vya shaba vya ukingoni mwake, meno ya kaseti. Fuuu! Vitone vya mate vikaruka. Ikigoma tena, aliilamba.

"Umeilamba!" Kinyaa alipiga kelele. "Hivi wewe ni mtu au mbuzi?"

"Mimi daktari," Kipenga alijibu, akijipangusa mdomo kwa mkono wa shati. "Ngoja umwone mgonjwa anavyoamka."

Na kweli picha zikatokea. Watoto wakashangilia, wakagombea zile padi zenye utando kana kwamba ni za dhahabu. Kinyaa alihisi chakula chake cha mchana kikitaka kurudi kilikotoka.

Jumamosi moja asubuhi, Shangazi alikwenda kutengeneza televisheni nyumbani kwa mteja. Kinyaa akabaki peke yake na ile kaseti. Aliishika kwa ncha za vidole, akainusa, akajuta kuinusa. Uzalendo ukamshinda. Alichota maji kwenye ndoo, akatia sabuni ya unga, akaitumbukiza kaseti nzima na kuisugua kwa mswaki mkuukuu kama anayefua soksi. Maji yakageuka rangi ya matope. Moyo wake ukatulia. Akaipangusa kwa nje, akaichomeka ili aone jinsi itakavyofanya kazi ikiwa safi.

Televisheni ilionyesha mistari ya rangi rangi, ikatoa mlio wa kukwaruza, halafu ikawa nyeusi. Kinyaa aliichomoa kaseti, akaitikisa. Tone la povu likamdondokea mguuni. Akairudisha haraka mahali pake, akamwaga maji, akaanika mswaki. Watoto walipofika mchana, alikuwa amejikalia akipanga bisibisi, mdomo kaufunga.

Kipenga alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alilamba, akatema, akapuliza tena. Hakuna kitu. Shangazi aliporudi aliwakuta wamesimama wakiwa wanyonge.

"Nani ameharibu kaseti?" aliuliza.

Kila mtu alimtazama Kipenga. Kinyaa angeweza kunyamaza tu, na hilo pekee lingekuwa baya la kutosha. Hakunyamaza.

"Nani mwingine, Shangazi? Si huyo anayeitemea mate kila siku? Nilimwambia mimi!"

Shangazi aliitazama kaseti, akamtazama Kipenga aliyekuwa bado na mate kidevuni. "Kuanzia leo nisikuone humu ndani," alisema. Kipenga alijipangusa kidevu, akatoka.

Ikabaki mashine mpya. Siku iliyofuata watoto waliizunguka, na Kinyaa naye, aliyezoea kukaa mbali, akajisogeza acheze. Ilikuwa safi, kweli. Lakini kwanza iliwaambia wasubiri ijisasishe. Wakasubiri mpaka wadogo wakaanza kusinzia. Ilipomaliza, likatokea tangazo la viatu, kisha la kinywaji, kisha jitu lenye misuli likawahimiza wanunue upanga. Kinyaa alipoanza kupigana, adui akamwangusha kwa pigo moja. Jitu likarudi likitabasamu: akitaka nguvu zaidi, alipie.

"Linaombaomba hili!" Kinyaa alisema kwa kuchukia. "Nimeshindwa kwa sababu sijui, au kwa sababu sijalipa?"

"Huwezi kujua," alijibu msichana mdogo aliyekuwa kando yake. "Ndiyo maana hatulipendi. Kwenye ile ya zamani ukitumbukia shimoni, umetumbukia mwenyewe. Unajicheka, unaanza upya. Tena tunacheza wawili wawili, wengine wanapiga kelele. Hapa anacheza mmoja, sisi tunaangalia matangazo." Akasimama, akajipangusa sketi. "Twendeni zetu. Bila ile kaseti na bila Kipenga, hapa pamepooza."

Wakaondoka wote. Kinyaa alikwenda mlangoni kuwatazama, na ng'ambo ya barabara akamwona Kipenga ameketi kwenye ngazi ya duka la nguo, uso ameuelekeza karakanani. Macho yao yalipokutana, Kipenga ndiye aliyeinamisha kichwa. Ndiye aliyeona haya, yeye asiye na kosa.

Kinyaa alirudi ndani akaosha mikono. Akaiosha tena. Kile kichefuchefu alichokijua vizuri kilikuwa kimempanda kooni, ila safari hii hapakuwa na padi chafu wala kaseti yenye mate. Alijichukia yeye mwenyewe. Aliwaza maneno yake, "nani mwingine, Shangazi," na sauti tamu aliyoyasemea, akatamani kutapika.

Akaenda mpaka meza ya nyuma. "Shangazi, kaseti niliifua mimi."

Shangazi aliacha kazi aliyokuwa akiifanya. "Uliifanya nini?"

"Niliifua. Kwa sabuni ya unga. Nikaichomeka ikiwa na maji. Halafu nikamsingizia Kipenga."

Shangazi alichukua kaseti, akafungua skrubu zake, akaitenganisha pande mbili. Ndani palinuka vibaya. Sabuni ilikuwa imeganda nyeupe kwenye kona, na meno ya shaba yalikuwa na kutu ya kijani.

"Tazama," alisema, uso kaukunja. "Kijani hiki ni mate ya Kipenga, ya siku nyingi. Weupe huu ni sabuni yako. Kupuliza hakusaidii kitu. Kilichokuwa kikisaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya. Nyote wawili mmeitesa. Lakini Kipenga aliitesa akiamini anaitibu, mbele ya macho ya watu. Wewe ulifanya kwa kificho, kisha ukamtupia mwenzako. Hilo, binti yangu, ndilo linalonichefua."

Kinyaa alilia. Shangazi alimwacha alie, kisha akampa pamba na kichupa cha spiriti, akamwelekeza kusafisha jino moja moja. Kazi hiyo iliwachukua mchana kutwa. Waliiacha kaseti wazi kwenye hewa hadi kesho yake, wakaifunga, wakaichomeka. Picha zikatokea, zikiwa angavu kuliko zamani.

"Kutengeneza nimekusaidia," Shangazi alisema. "Kusema, utasema mwenyewe. Tena si kwa kunong'ona."

Kinyaa akavuka barabara, akamwita Kipenga, akawaita na wengine. Walipojaa karakanani, aliwaambia yote: ndoo, sabuni, mswaki, na uwongo. Hakuruka hata neno moja. Alitegemea Kipenga amtukane, au angalau amcheke.

Kipenga aliitazama kaseti. "Mimi niliamini ni mimi," alisema. "Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba hawa msamaha."

Hakuna aliyecheka. Kinyaa alitamani ardhi immeze. "Nisamehe," alisema. "Nitapita nyumba hizo hizo niwaambie na wazazi wao."

"Sawa," Kipenga alijibu. Hakutabasamu, lakini hakuondoka.

Shangazi alisogea, akaweka mkono mmoja begani mwa kila mmoja wao. "Nami nisamehe, Kipenga. Nilikufukuza bila kuuliza mara ya pili." Akawageukia watoto wengine. "Mmesikia? Mkono ukichafuka, maji yapo. Lakini ukimpaka mwenzako kosa lako, sabuni yake hakuna dukani. Utamsafisha kwa kinywa chako mwenyewe, mbele ya watu wale wale uliomchafua mbele yao. Na kadiri unavyochelewa, ndivyo naye anavyoamini kwamba ni mchafu kweli."

Kisha akasogeza ndoo ya maji safi katikati ya chumba.

"Haya, nawieni mikono nyote. Ole wake atakayepuliza. Kipenga ndiye atakayeanza."