Clarisse na Kitufe cha Tab

Kila Jumatano baada ya masomo, Clarisse alinawa miguu kwenye beseni la mlangoni, akaacha kandambili zake nje, akaingia katika chumba cha kompyuta mjini Baraka. Watoto wanne walikuwa wakiandika programu ya kupanga zamu za kuteka maji shuleni. Jumamosi wangesafiri hadi Nundu kuionyesha.

"Kila mstari wa ndani usogezeni kwa nafasi nne," mwalimu wao, Madamu Constance, aliwaambia tangu mwanzo. "Mnabonyeza kitufe kirefu mara nne, basi."

Clarisse hakukubali. Rafiki yake Zainabu alikuwa na macho dhaifu, alisoma kwa herufi kubwa kama maharagwe, na nafasi hizo zilisukuma maneno nje ya kioo. Kwa kitufe cha Tab, kinachosogeza mstari kwa mbonyezo mmoja, kila msomaji hujipimia pengo apendavyo. Madamu alipoambiwa alijibu tu, "Tumeshapanga." Basi Jumatano moja mwenzao Néhémie alipoacha kompyuta akaenda kunywa maji, Clarisse alibadilisha nusu ya mistari kuwa Tab kimyakimya.

Néhémie aliporudi, programu iligoma. Kwa macho mistari ilikuwa sawa, lakini kompyuta ilikataa Tab na nafasi kuchanganywa.

"Nani alikaa hapa?" Madamu aliuliza.

"Ni mimi, Madamu, lakini mi sikuharibu kitu!"

"Wewe hutaenda Nundu."

Eddy, mtoto wa nne wa kikundi, akacheka. "We Néhémie, vidole vyako ni vya kuparua samaki!"

Néhémie akainama, machozi yakimlengalenga. Clarisse akasimama wima.

"Madamu, ni mimi niliyefanya. Na hizo nafasi nne bado nazikataa! Zainabu naye iko mutoto wa kikundi hiki. Soma kama yeye, uone!"

Madamu alikuza herufi, akasoma mwenyewe, akakunja uso. Kisha akabadilisha mistari yote kuwa Tab na kupunguza pengo. Zainabu akasoma hadi mwisho bila kukwama, na programu ikaenda.

"Nisamehe, Néhémie," Clarisse alisema.

"Siku ingine uniambie, tubishe wawili."

"Néhémie, nami unisamehe, utaenda Nundu," Madamu alisema. "Clarisse, kubisha si kosa, leo ubishi wako umenifundisha. Kosa ni kubisha kwa kujificha, maana adhabu humwangukia asiyekuwamo. Na tukishapatana njia moja, wote tuifuate."

"Ndiyo, Madamu. Lakini nikiona haifai, nitasema tena."

"Useme," Madamu akajibu. "Tena kwa sauti."