Hodi Kutoka Ndani

Meza ya mashine ilitembea, ikakaribia mwisho wa safari yake, ikasita, ikasimama. Haikugonga kitu. Haikutoa moshi. Ilisimama tu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokuwa anafuata, na taa nyekundu ikawaka kwenye kabati la umeme.

"Ah, kadogo haka," alisema Daktari.

Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana kwa sababu hakuwahi kukubali kwamba kuna mashine asiyoijua. Naye alilipenda, ingawa alijifanya halisikii. Mashine yenyewe ilikuwa kongwe ya kuchonga chuma, nzito kama nyumba. Mwenye karakana aliinunua ikiwa imekufa, na Daktari akajipiga kifua kwamba ataifufua. Aling'oa mota za zamani akafunga mpya, akaweka kompyuta ya kuipa amri, na kati ya kompyuta na kila mota akafunga kisanduku ambacho mafundi hukiita draivu. Kazi ya draivu ni kuisukuma mota na kuangalia kama imefika ilikoambiwa. Isipofika, draivu hukata umeme na kuandika kosa kwenye kioo. Kosa lililoandikwa lilikuwa lilelile kila siku: meza haifuati amri.

Alibadilisha draivu, kosa likarudi. Alibadilisha mota, likarudi. Alipaka grisi, akakaza kila skrubu aliyoiona na nyingine ambazo hazikuhitaji kukazwa, na kosa likarudi likiwa limechangamka. Mwendesha mashine, ambaye walimwita Kimya kwa kuwa hajapata kunyamaza tangu azaliwe, akaanza kumuuliza kila asubuhi kama mgonjwa ameamkaje.

Siku ambayo mteja mkubwa alikuja kuiona ikifanya kazi, mashine iligoma mbele ya watu wote. Daktari akapiga magoti, akafunua mfereji wa nyaya, akachungulia. Waya mnene unaopeleka umeme kwenye mota, na waya mwembamba unaorudisha habari za mota kwenye draivu, zilikuwa zimelala pamoja kama chanda na pete. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba hizo mbili hazilazwi pamoja. Ule mnene unauvuruga ule mwembamba, draivu inaletewa habari za uongo, inashtuka na kusimama. Na aliyezilaza hivyo alikuwa yeye mwenyewe, jioni moja aliyokuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira.

Angeweza kusema, "Nimekosea, nipeni muda kidogo nirekebishe." Watu husema hivyo kila siku na jua likachomoza kesho yake. Lakini mteja alikuwa anamtazama, na bosi alikuwa ameshamsifu sana.

"Vipi, Daktari?" bosi aliuliza. "Mgonjwa ana nini?"

"Ana jini huyo!" alidakia Kimya, na watu wakaangua kicheko.

Daktari hakucheka. Balaa yote ilianzia hapo.

"Usilifanyie mzaha," alisema kwa sauti ya chini. "Jambo hili nilishaliona mahali."

Kicheko kikakatika. Akaona wamemwamini, na kuaminiwa kukamlevya. "Huanza hivihivi," aliendelea. "Vipimo vyote vizuri, lakini mashine haiendi. Halafu inakuja harufu, harufu ya nywele zilizoungua. Kisha anagonga. Anagonga kutoka ndani ya chuma, taratibu, kama mtu anayepiga hodi. Ila hapigi hodi aingie. Anataka atoke."

"Wee!" mteja alisema, akarudi nyuma hatua.

"Na haji mwenyewe. Huletwa na mtu, mtu wa kuigusagusa mashine. Na siku akifukuzwa, huondoka na huyohuyo aliyemleta."

Hiyo ya mwisho aliitia kama chumvi tu, mchuzi ukolee. Alikuwa bado anauonja utamu wake Kimya aliposema polepole, "Anayeigusa kila asubuhi ni Mama Mdogo."

Wote wakageuka. Mama Mdogo alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika ufagio. Alikuwa mama mdogo kweli wa Daktari, mdogo wa marehemu mama yake. Ndiye aliyemlea. Alikuwa akifagia mabaki ya chuma katika karakana ile miaka mingi kabla ya mpwa wake kufika, na ndiye aliyemwombea kazi kwa bosi. Kwa kuwa Daktari alimwita Mama Mdogo, karakana nzima ikamwita hivyo.

Kulikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Daktari aliiona ile nafasi, akaitazama inavyopita, kisha akatazama viatu vyake.

Yule mama hakumwangalia Kimya wala bosi. Alimwangalia mpwa wake, kitambo hivi. Kisha akauegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu, kana kwamba ni wa kuazima.

"Basi acha nikae nyumbani kidogo," alisema, "mpaka mambo yatulie."

"Ni kwa muda tu, mama," bosi akasema bila kumtazama usoni. Hakuna aliyemsindikiza hata mpaka getini.

Kesho yake Daktari aliwahi kazini kabla ya wote ili azitenganishe zile nyaya kimyakimya. Alikuwa ameshaushika ule mwembamba ndipo wazo lilipomjia: mashine ikipona leo, itakuwa imepona siku moja baada ya Mama Mdogo kuondoka. Kila mtu atasema si mnaona. Akabaki amechuchumaa, aibu imempanda mpaka masikioni. Lakini mteja angerudi, na bosi alishaanza kuuliza maswali. Akaupitisha waya mwembamba njia yake peke yake, akaunganisha ganda lake la kukinga vurugu na waya wa ardhi kama inavyotakiwa, akafunika. Mashine ikaenda kama maji.

"Si mnaona!" Kimya akapiga makofi. "Kaondoka tu, chuma kimepona!"

Wenzake walipotoka kwenda kula mchana, Daktari alisema hana njaa. Hakuweza kukaa nao meza moja. Akabaki na mashine ikichonga, akiyatazama mabaki ya chuma yakijikunja na kudondoka pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuyafagia.

Meza ikasita. Ikasimama. Taa nyekundu ikawaka.

Akapima. Waya mzima, umeme safi, draivu haina joto. Alikuwa ameinama ndani ya kabati, kifaa cha kupimia mkononi, harufu ilipomfikia. Alidhani ni koili imeungua. Akanusa draivu, akanusa mota, akanusa mpaka mikono yake mwenyewe, na kadiri alivyonusa ndivyo alivyozidi kuijua ile harufu, kwa maana aliitaja yeye, kwa mdomo wake, mbele ya watu, na haikuwa ya waya wala ya mafuta bali ya nywele, nywele za mtu, nyingi, zinazoungua taratibu mahali pasipo na moto. Akaikimbilia swichi kuu akaivuta chini. Kompyuta ikazimika, feni zikanyamaza, karakana nzima ikawa kimya katika mwanga mweupe wa mchana, na ndani ya ule ukimya, kutoka katikati ya chuma ambacho alijua hakina uwazi wa kutosha hata panya, kitu kikagonga, taratibu, kwa adabu, kama mgeni aliyelelewa vizuri, kikasubiri, kikagonga tena, na ile meza nzito isiyo na umeme, ambayo watu wanne hawawezi kuisukuma, ikaanza kutembea kidogokidogo kumfuata aliposimama.

Alitoka mbio, akampamia Kimya mlangoni.

"Kuna nini?" Kimya aliuliza. Kisha akanusa. Kisha akasikia. Akapiga kelele moja tu, halafu kwa mara ya kwanza maishani akastahili jina lake.

Kazi ikasimama. Vijana waliapa hawaingii mle hata kwa mtutu wa bunduki. Mwishowe bosi akaleta mganga, mwanamke wa makamo, mnene, aliyebeba mkoba kama wa karani. Akaomba kiti. Akakaa mbele ya mashine kwa muda mrefu kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno, na wale wengine wakasimama nyuma yake wameshikana mashati.

"Huyu hakuletwa," alisema mwishowe. "Huyu ameitwa."

"Ameitwaje?" bosi alinong'ona.

"Kwa maneno. Mtu alimtajia harufu, ameivaa. Akamfundisha kugonga, anagonga. Hana lake mwenyewe, maskini, yeye anafuata amri tu." Akageuka. "Aliyemtunga amtungue. Aseme ukweli mbele ya walewale waliosikia uongo, nao wamwamini. Wote. Na yule aliyeumizwa awepo."

Mama Mdogo akafuatwa kwake. Aliingia amevaa vizuri, kama anayekwenda msibani, akasimama palepale alipouacha ufagio. Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi," alisema. "Niliweka nyaya vibaya. Niliona aibu. Jini nililitunga."

Kisha Kimya akatikisa kichwa. "Hapana, kaka. Sisi wenyewe tumemsikia. Unamkinga mama yako, na mimi ningefanya hivyohivyo."

"Fungua basi tuzione hizo nyaya," alisema bosi. Wakafungua. Nyaya zilikuwa zimelazwa kama za kitabuni, kila moja njia yake. Bosi akamwekea mkono begani. "Wewe ni mtoto mwema, Daktari. Lakini usijivunjie heshima bure."

Na hapa ndipo penye fedheha yenyewe, kubwa kuliko ya nyaya. Angeweza kushikilia. Angeweza kusema, "Nilizihamisha mimi, asubuhi, mlipokuwa hamjafika." Lakini ule mkono begani ulikuwa wa joto, na neno "mwema" lilimkuta akiwa na kiu nalo. Akainamisha kichwa kama mtoto mwema.

"Mimi namwamini," alisema Mama Mdogo.

Wakamtazama.

"Nilijua tangu siku ile," alisema, akiongea na mpwa wake tu, kwa upole. "Tangu ukiwa mdogo, ukidanganya, huwa unaongeza kitu kimoja ambacho hujaulizwa. Ukivunja kikombe, utasema paka amekivunja, kisha utasema paka mwenyewe alikuwa na kidonda sikioni. Uliposema nywele zilizoungua, nikajua. Nikasema acha niondoke, asiaibike mbele ya watu."

"Mmoja kaamini," alisema mganga. "Na nyinyi?"

"Tumeamini, tumeamini," walisema kwa haraka, kama watu wanaotaka kufunga mlango.

Mganga aliwatazama, akashusha pumzi. Akafanya yake kwa maji na maneno ya chini chini, mpaka ile harufu ikapungua, na ndani ya chuma pakanyamaza. Alipokuwa anafunga mkoba wake alisema, "Ametoka. Ameenda wapi, mnajua wenyewe mlivyomwambia na mnavyoamini."

Mashine haikusimama tena. Mama Mdogo aliombwa arudi kazini, akashukuru, akasema miguu imechoka.

Daktari alikumbuka ile chumvi yake ya mwisho: huondoka na aliyemleta. Aliyemleta ni yeye, hilo halikuwa na ubishi. Akamsubiri. Kila alipotoka kazini alikaa chumbani kwake akitega sikio kwenye kuta, akinusa mto, akinusa mashati. Hakuja. Siku zikapita, hakuja, na Daktari akaanza kulala usingizi mtamu. Hakujiuliza karakana iliamini kwamba nani kamleta.

Jumapili alasiri alikwenda kumsalimia Mama Mdogo. Alipita kwenye mlango wa chumba cha jirani, uliofungwa kwa kufuli lenye kutu, akafika kwake akapiga hodi.

"Subiri kidogo!" sauti ilijibu, kisha vishindo vya kuhamisha vitu. "Haya, karibu, mwanangu. Karibu."

Madirisha yote yalikuwa wazi. Mama Mdogo alikuwa amekonda. Alimkalisha, akamwekea chai, akaongea mfululizo juu ya bei za sabuni na magoti yake, yeye ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. Chini ya harufu ya chai kulikuwa na harufu nyingine.

Kisha ukuta ukagongwa. Kwa ndani. Taratibu, kwa adabu.

"Jirani huyo," Mama Mdogo akasema upesi, akapandisha sauti. "Amehamia juzi, anapigilia kitanda." Akatabasamu. "Cha mbao nyekundu. Kina maua yaliyochongwa upande wa kichwani."

Daktari alikishika kikombe. Hakuna aliyemuuliza juu ya maua.

Ukuta ukagongwa tena.

"Mwambie apumzike basi," alisema Daktari kwa sauti iliyokwaruza, "leo Jumapili."

Ukuta ukanyamaza papo hapo, katikati ya pigo. Wote wawili walikaa wakiusikiliza ule ukimya. Kilikuwa kinasubiri. Kilikuwa kinamsikiliza yeye, kama kilivyomsikiliza tangu mwanzo, na Daktari akajua kwamba akifungua mdomo sasa hivi na kusema maneno mawili tu, njoo kwangu, kitamfuata, na mama huyu atalala.

Akafungua mdomo.

Mama Mdogo alimtazama, macho yamemjaa huruma, kama alivyomtazama siku ile akiwa na ufagio. Alimpa muda wa kutosha kabisa. Kisha akausogeza mkebe wa sukari karibu yake.

"Kunywa chai, mwanangu," alisema. "Inapoa."

Naye akanywa.