Masale ya Mlango wa Asheri

Watu wa Same wanaomfahamu Eliwaza, yule binti mwenye studio ya picha nyuma ya stendi, wanajua kwamba siku hizi hapigi tena picha za majumba. Anapiga harusi. Anapiga kipaimara. Anapiga picha za pasipoti. Ukimtajia nyumba, hata ya bati jipya, anatikisa kichwa na kubadili mazungumzo. Sababu yake aliieleza mara moja tu, nyumbani kwetu, makande yakimpolea kwenye sahani.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Asubuhi alipanda Suji kwa bodaboda ya binamu yake, Nickson, kona baada ya kona kutoka Makanya, joto la tambarare likibaki chini na ubaridi wa migomba ukiwapokea juu. Alikuwa akikusanya picha za nyumba za zamani za Upareni kwa ajili ya maonyesho ya Moshi. Ilibaki moja, nyumba ya ukoo wao, ya mawe na tope, jirani kabisa na nyumba ya Bibi Eliaichi. Haikuwa na mkaaji. Ilikuwa imeinamia bondeni, mithili ya mzee anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Hii nayo unaipeleka?" Nickson alicheka akizima pikipiki. "Watu wa Moshi watasema Wapare hatujui timazi."

"Nitainyoosha."

"Wewe na fundi gani?"

"Mimi na kompyuta."

Bibi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, fimbo kwapani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Same mnakula upepo?"

Walicheka wote. Eliwaza alipoelekeza kamera kwenye nyumba ya ukoo, Bibi akaacha kucheka.

"Piga upendavyo. Masale yangu tu usiyaguse."

Mlango wa nyumba ile ulikuwa wa mbao mbili pana, za kale, nyeusi kwa moshi. Ubao wa kulia ulikuwa na pete ya chuma, na kwenye pete yalifungwa majani mabichi ya sale. Eliwaza hakuhitaji kufundishwa maana yake. Ukimkosea mtu unampelekea sale, naye akilipokea, ugomvi umekwisha. Ila hakuwahi kuona mtu akiyapeleka kwenye nyumba tupu.

"Ni ya Asheri," Bibi alisema. "Kaka wa babu yako. Watu walisema anafunga mvua isinyeshe. Wakamfungia humo ndani, na babu yako ndiye aliyeweka gogo mlangoni. Akafa humo. Na mvua haikuja."

Nickson alitazama pembeni.

"Babu yako aliyafunga hayo siku ya mazishi. Alipokufa yeye nikaendelea mimi. Yakinyauka, naweka mengine. Hayajakosekana hata siku moja."

"Na amekubali, Bibi?"

"Yakiwepo, bado tunaomba. Yakiondoka, tumeacha kuomba." Akashusha sauti. "Na wa kuulizwa nimebaki mimi."

Eliwaza alitii. Hakusogea hata karibu na mlango. Alisimama uani, jua likiwa mgongoni, na Bibi akasimama nyuma yake. Kivuli cha Bibi kikaanguka kwenye ubao wa kushoto: kichwa, mabega, fimbo. Eliwaza akakipenda. Kiliipa picha uzito. Akabonyeza.

Siku iliyofuata, mchana, alikaa studio kuisafisha picha hiyo. Nje upepo wa Same ulikuwa ukikimbiza mifuko ya nailoni barabarani. Feni iliguna. Hakuna kilichomtisha.

Kwanza akainyoosha nyumba. Akavuta pembe moja, akasukuma nyingine, mpaka kuta zikasimama wima. Kisha akatafuta hisia ya picha. Anga ilikuwa nyeupe mno, haina huzuni. Akaitia giza, akaongeza wingu na kulishusha mpaka likagusa paa. Picha ikaanza kupumua.

Yakabaki masale. Yalikuwa ya kijani kibichi, yanang'aa, yanaiba jicho. Kila alipotazama nyumba alijikuta akitazama majani. Alikumbuka maneno ya Bibi, akatabasamu. Si kuyagusa. Ni picha tu. Akachukua kipande cha ubao wa kushoto, pamoja na kivuli chake, akakibandika juu ya ule wa kulia. Masale yakatoweka, na pete yake. Kompyuta yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo akafanya kama alivyofanya siku zote: akahifadhi picha mpya juu ya ile ya mwanzo. Kadi ya kamera alikwisha kuifuta ili apige kipaimara.

Akamtumia Nickson, aliyeishi kwa Bibi. "Mwonyeshe Bibi."

Simu ikaita kabla hajainuka kitini.

"Dada, huko kwenu kuna mvua?"

"Hakuna. Jua kali. Kwani nini?"

"Hapa giza limeingia. Wingu limekaa juu ya uwanja wetu. Kwa jirani jua linawaka." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Halafu, usinicheke. Ile nyumba imenyooka."

"Imenyooka vipi?"

"Imesimama wima, Eliwaza."

Akaachia kipanya.

"Nickson. Masale yapo?"

Alisikia nyayo zake zikikanyaga majani makavu. Zikasimama.

"Hayapo."

"Tazama chini."

"Nimetazama. Hayapo. Hata pete haipo."

"Bibi yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Anauliza ni nani anamwita."

"Nani anamwita?"

"Hakuna mtu," Nickson alinong'ona. "Sisikii mtu."

Eliwaza akaifungua picha. Akajaribu kurudi nyuma, hatua kwa hatua, lakini hakukuwa na pa kurudi. Akatafuta kwenye mafaili ya zamani. Akapata picha ya mpaka wa shamba, na masale yamesimama pembeni. Akayakata. Akayabandika mlangoni, yakakaa vibaya, akayasogeza, akahifadhi.

"Yamerudi?"

Upande wa pili zilisikika nyayo tu.

"Nickson, yamerudi?"

"Yamerudi." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nayaona kwenye upenyo wa mlango. Yamefungwa kwa ndani."

"Na Bibi?"

"Alikuwa hapa. Alikuwa hapa sasa hivi."

Eliwaza hakumbuki alivyofunga studio. Anakumbuka gari la Makanya, na bodaboda ya mgeni, na mlima mzima ukiwa umeoga jua. Migomba ilimeta. Wanawake walikuwa wakipura maharage wakiimba. Alipofika kwenye kona ya mwisho aliona wingu. Dogo, jeusi. Limetulia juu ya paa moja.

Nickson alikuwa amekaa uani, ameishika fimbo ya Bibi.

"Niliikuta mlangoni," alisema.

"Umegonga?"

"Nimegonga."

"Amejibu?"

"Waliongea." Akaigeuza fimbo mkononi. "Waliongea kwa kupokezana, Eliwaza. Halafu wakanyamaza."

Walisukuma mlango pamoja. Ulifunguka upana wa kiganja, ukagoma. Majani yalikuwa yameukaza. Nickson akapitisha panga na kuyakata. Yalitoa harufu ya shamba lililonyeshewa.

Ndani hamkuwa na kitu. Hakukuwa na kiti wala kitanda. Vumbi halikuwa na nyayo, hata za Bibi. Lakini Bibi alikuwepo, ameketi sakafuni katikati ya chumba, mgongo wima, viganja viwili vimefunguliwa mapajani, jinsi mtu anavyokaa akingoja kupewa kitu. Alikuwa baridi. Macho yake yalitazama mbele, kwa kimo cha mtu aliyekaa mkabala naye.

Watu walisema ni uzee. Kengele ya kanisa ikalia, wakamzika vizuri, chini ya mgomba wake, na siku ya mazishi wingu halikuwepo tena.

Waombolezaji walipoondoka, Eliwaza alikwenda kuutazama mlango. Jua lilikuwa la jioni, likitokea upande mwingine kabisa. Ubao wa kushoto ulikuwa na fundo lenye umbo la jicho, na chini yake msumari uliopinda. Akatazama ubao wa kulia. Fundo lile lile. Jicho lile lile. Msumari uliopinda vile vile, hata kutu yake. Akapitisha kidole. Ulikuwa mti, mgumu, wa kale. Hakukuwa na tundu la pete.

Na juu ya kila ubao kulikuwa na kivuli. Kichwa, mabega, fimbo. Akasogea kulia. Akasogea kushoto. Havikusogea.

Nickson alimjia nyuma, akasimama mbali.

"Vinafanana," Eliwaza alinong'ona. "Nilikinakili mimi mwenyewe. Vinafanana."

"Havifanani," Nickson alisema. "Tazama cha kulia."

Akatazama.

Begani kwa kivuli cha kulia palikuwa na kivuli cha mkono. Mkono mpana, wa mwanaume, vidole vimeenea. Mpaka leo upo, na hakuna aliyeweza kusema kama unambembeleza Bibi au unamzuia asigeuke.