Baiskeli Isiyotoka Nyumbani

Wankyo alikuwa uani, anachambua dagaa. Mumewe, Masatu, alikuwa chumbani. Alikuwa amefunga mlango na dirisha pia. Ndani gurudumu lilizunguka kwa haraka, likapunguza mwendo, likasimama. Kisha mtu akahema kwa nguvu.

"Baba Lilian, umemaliza?" Wankyo aliuliza.

"Nimemaliza! Na kesho sipandi!"

Ilikuwa siku ya tatu tu.

Masatu hakuwa mgeni wa baiskeli. Kwa miaka ishirini alibeba samaki kutoka soko la Mwigobero, Musoma, hadi Butiama. Tenga la sato lilikuwa nyuma, jasho usoni. Njia nzima walimjua. Baadaye akapata kibanda cha kuuzia samaki, akaiacha baiskeli, akakaa. Alikaa miaka mingi. Mwili ukanenepa na presha ikapanda, naye hakwenda kupima. Mwezi wa pili mwaka huu alipata kiharusi. Mungu alimhurumia, hakikuwa kikubwa. Lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito, akawa anauburuta.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Mdogo wake Thadeo, mkulima wa Butiama, alikufa mwaka jana kwa kiharusi hichohicho. Mwezi wa kumi na moja ukoo ungekutana kwa misa na kujengea kaburi. Katika ukoo wao, kaka mkubwa ndiye anayeweka jiwe la kwanza. Anatoka barabarani kwa miguu yake mpaka kaburini. Si mbali, ila ni mlima.

"Nikibebwa kama gunia mbele ya kaburi la mdogo wangu, bora nisiende," Masatu alimwambia mkewe. Alilia aliposema hivyo, na hakujificha.

Hospitalini walimshauri aendeshe baiskeli nyumbani, ikiwa imesimama mahali pamoja. Barabarani angeanguka. Basi fundi wa kuchomelea akaunga vyuma chakavu, akatengeneza stendi imara ya kuinua gurudumu la nyuma. Hawakununua mashine ya dukani. Baiskeli ileile ya samaki ikaingizwa chumbani. Ilikuwa mwezi wa sita, muda ulikuwepo. Lakini mzee kila siku alishuka amenuna.

Siku ya nne akaja Benedikta. Huyu alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayetembelea wagonjwa majumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dokta. Umekuja kunigombeza?"

"Hapana. Nimekuja kuiona baiskeli."

Akaingia chumbani. Palikuwa na joto la kutosha kuchemsha chai. Baiskeli ilikuwa imeelekezwa ukutani.

"Mbona umejifungia hivi, mzee?"

"Sitaki watu wanione. Mtu mzima naendesha baiskeli isiyofika hata mlangoni! Watacheka."

"Wakicheka?"

"Najua watu wanavyocheka, dokta. Najua vizuri sana." Masatu akaangalia chini.

"Na huwa unaendesha kwa dakika ngapi?"

"Mpaka nishindwe. Zamani nilikuwaga nafika Butiama na tenga limejaa! Siku hizi sijamaliza hata dakika kumi, goti linawaka moto."

Benedikta hakucheka. "Panda nikuone."

Wankyo akamshika mumewe, naye Masatu akapanda. Magoti yakapanda juu, karibu yaguse tumbo. Benedikta akainama, akaangalia kiti.

"Mzee, nani alikishusha kiti hivi?"

"Mimi mwenyewe. Wabeba samaki wote tunashushaga. Tenga likielemea upande, unaweka miguu yote chini, huanguki."

"Sawa. Na leo tenga liko wapi?"

Masatu akageuka kuangalia nyuma. Wankyo alishindwa kujizuia. "Jamani! Siku tatu mume wangu anabeba samaki hewa!" Hata Masatu akatabasamu kidogo.

"Kiti cha chini kinalikunja goti kupita kiasi," Benedikta alisema. "Ndiyo maana linauma. Nipeni spana."

Akakipandisha kiti taratibu, akikipima kila mara. "Weka kisigino kwenye pedali. Pedali ikifika chini kabisa, mguu unyooke. Ukianza kuendesha, kanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu. Hapo goti litabaki limekunjika kidogo tu, na ndivyo tunavyotaka."

Mguu wa kushoto uliteleza kwenye pedali. Benedikta akakata kipande cha tyubu kuukuu, akaufunga mguu pale bila kukaza, ili Wankyo aweze kuufungua upesi. Juu ya kiti akaweka sponji na kitambaa. Masatu akazungusha. Mara kumi. Mara ishirini. Goti likanyamaza.

"Heee!" akasema.

"Goti limepata dawa," Benedikta alisema. "Lakini ukuta huu utakushinda. Hakuna mtu anayeweza kukaa na ukuta kila siku akafurahi. Na usipofurahi, utaacha. Wengi wanaacha hivyohivyo. Ihamishieni sebuleni, karibu na mlango, upepo uingie. Mama, dagaa unachambulia wapi?"

"Uani."

"Kuanzia kesho chambulia kando yake. Pigeni stori. Akikujibu vizuri, mwendo ni sawa. Akishindwa kuongea, apunguze. Redio mnayo?"

"Ipo, ya betri."

"Basi muziki upo. Wimbo wa haraka, ongeza mwendo kidogo. Wimbo wa polepole, pumzika. Anza na dakika tano, pumzika, halafu tano nyingine. Kila wiki ongeza dakika mbili. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au mkono ukifa ganzi, acha hapohapo. Mama akushushe, mwende hospitali. Na dawa za presha usiache hata siku moja. Baiskeli haichukui nafasi ya dawa."

Wakahamisha. Kesho yake Masatu alikuja na wazo lake mwenyewe. Alichukua chaki, akachora mstari mrefu ukutani. Mwanzo akaandika Mwigobero. Mbele akaandika Bweri, kisha Makutano, na mwisho Butiama. Kila akiendesha dakika tano, aliweka alama moja mbele.

"Leo umefika wapi?" Wankyo aliuliza.

"Bweri. Pale palikuwa na mama mmoja wa uji. Kila siku alinikopesha kikombe."

"Mama gani huyo? Mbona sijawahi kumsikia?"

"Mke wangu, yule alikuwa bibi kizee!"

"Endesha, endesha. Tutaongea ukishuka."

Wankyo hakuwahi kusikia habari za njia ile. Sasa alizisikia zote: mvua ya Makutano, pancha mbili kwa siku moja, sangara aliyeanguka akaokotwa na mbwa. Dakika zilikwisha wala hawakuziona.

Siku moja jirani yao, Abednego, alichungulia mlangoni. Akaangua kicheko. "Mzee Masatu! Safari ya wapi hiyo?"

Moyo wa Masatu ulimuuma kweli. Alitamani kushuka na kufunga mlango. Wankyo akamtazama. Masatu akazungusha pedali.

"Butiama," akajibu. "Karibu ukae."

Abednego alikaa. Siku ya pili alirudi na kigoda chake. Hakucheka tena.

Mwezi wa kumi na moja Masatu alikuwa anaendesha nusu saa, huku akipumzika katikati. Presha ilikuwa imeshuka. Mguu ulikuwa bado na uzito, lakini ulinyanyuka.

Siku ya misa, gari liliwashusha barabarani Butiama. Masatu alishika fimbo. Wankyo alitembea karibu naye, bila kumshika. Masatu alisimama mara tatu kupumua. Ndugu walisubiri. Akafika. Akainama, akachukua jiwe, akaliweka.

Kisha Ghati, mjane wa Thadeo, akamsogelea.

"Shemeji, Thadeo naye waliwahi kumwambia afanye mazoezi. Alikuwa anazunguka shamba asubuhi. Alizunguka siku nne. Watu walimcheka, akaacha."

Masatu aliegemea fimbo yake. "Nilikuwa mmoja wao, shemeji. Nilikuja kuwasalimia, nikamkuta anazunguka. Nikamuuliza, unakimbizwa na nani? Watu wote wakacheka. Nilimkosea mdogo wangu."

"Najua," Ghati alisema. "Aliniambia."

Masatu alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Mwishowe Ghati akafuta macho yake kwa ncha ya kanga.

"Na mimi nina presha, shemeji. Daktari ameniambia nifanye mazoezi. Naona aibu."

Wiki mbili baadaye Masatu alirudi Butiama na stendi nyingine ya chuma, kazi ya fundi yuleyule, kwenye buti la gari. Akaifunga juu yake baiskeli iliyoachwa na Thadeo, sebuleni kwa Ghati, akapima kiti, akafungua mlango wazi kabisa.

"Watanicheka," Ghati alisema.

"Wakija, watanikuta hapa," Masatu alijibu.

Ghati akapanda. Masatu akavuta kigoda, akakaa kando yake, akaanza kumpigia stori.