Ziwa Lililoondoka Bila Kuaga

Kila Jumamosi Latifa alifua sare zake, akazianika, kisha akaenda kutazama maji. Nyuma ya kijiji chao, karibu na Mahurunga, kulikuwa na ziwa la msimu: mvua zikinyesha linajaa, zikikatika linanywea. Maji yakirudi nyuma na kuacha tope, watu hupanda mpunga. Ukipanda mapema miche huzama. Ukichelewa, ardhi haikupokei. Mama yake, Hawa, alishinda akipalilia muhogo ng'ambo ya kijiji, kwa hiyo alimtegemea Latifa amletee habari za ziwa.

Lakini Jumamosi mbili mfululizo Latifa aliishia kwa rafiki yake Sharifa, wakacheza rede mpaka adhuhuri. Alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho, "Maji bado yamejaa, mama."

Jumapili mjomba wake, Hemedi, alikuja kuwasaidia. Miche ilikuwa imekua kupita kiasi, wakajitwisha, wakaenda wakapande hata ukingoni. Ziwa halikuwepo! Palibaki nyufa tupu, na kando yake mpunga wa majirani ulikwishashika, kijani kibichi. Mama alipiga jembe, likadunda. Akapiga tena, likadunda.

"Jua la mwaka huu kali," Latifa aliharakisha kusema.

"Kwa jirani halikuwaka?" Mama alifoka. "Tutakula nini mwaka huu, muhogo mtupu?"

Mjomba Hemedi alimgeukia Latifa. "Mpwa wangu, maji uliyaona lini kwa macho yako?"

Latifa alilikasirikia ziwa, akamkasirikia Sharifa, na mwisho akajikasirikia mwenyewe. Machozi yakamtoka. "Wiki mbili zilizopita, mjomba. Nilikwenda kucheza. Nisameheni."

Walitembea mpaka katikati, wakakuta tope kidogo, eneo la ukubwa wa uwanja wa nyumba. Nusu ya miche ilipata nafasi, iliyobaki ilinyauka. Mjomba alikwenda nyumbani kwake, akarudi na mbegu za kunde za kupanda palipokauka. Latifa alivunja mabonge ya udongo mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakuthubutu kulalamika.

Walipomaliza, mjomba alimpa maji ya kunywa.

"Kucheza si dhambi," alisema. "Ungesema tu, 'Mama, sikwenda,' angekwenda mwenyewe siku ileile. Mchezo ulitupotezea Jumamosi mbili, Latifa. Uongo ndio uliotupotezea mpunga."