Mkono Ulioshuka Wenyewe

Mama Bomba na mumewe walifanya kazi moja: kuchimba mitaro na kulaza mabomba ya maji. Mume alichimba kwa sururu na koleo. Mke aliingia mtaroni, akaunga mabomba, akayafukia. Jina la Mama Bomba alilipata kwenye kazi hiyo, na alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Mwaka huo mgongo wa mume ulianza kumgomea. Asubuhi alishindwa hata kufunga kamba za viatu. Mkewe ndiye aliyemfungia.

"Tununue mtambo wa kuchimbia," mume alisema siku moja. "Hata uliotumika. Niliwahi kuendesha kabla hatujaoana. Nitakaa kwenye kiti kama bosi, mkono wa chuma uchimbe."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na mabomba yako."

Mama Bomba akajiona mtaroni. Yaani yeye awe chini, na mkono wa chuma uwe juu ya kichwa chake! Aliogopa sana. Lakini aliona aibu kumwambia hivyo mtu anayeumwa mgongo.

Walimpigia simu muuzaji wa mitambo, wakamtajia siku na saa ya kufika. Walipofika walikuta mtambo unanguruma. Rangi yake ya njano ilikuwa mpya, inang'aa. Mume akapanda. Akauzima, akauwasha tena.

"Umeona? Umewaka mara moja!" alisema, meno yote nje.

Mama Bomba aliangalia ndoo ya kuchimbia na meno yake ya chuma. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Tutarudi," alisema.

"Msichelewe, dada," muuzaji akajibu. "Kuna wateja wawili wananisumbua."

Njiani mume alimtania. "Mke wangu, wewe hata cherehani unaiogopa!" Mama Bomba hakucheka.

Jioni alikwenda kwa jirani yao, mwanamke aliyetengeneza mitambo kwa miaka mingi. Watu walimwita Fundi Grisi, kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata.

"Mlikuta injini inanguruma?" Fundi Grisi aliuliza.

"Ndiyo."

"Mlimpigia simu kabla?"

"Tulimpigia. Huwezi kumvamia mtu kazini kwake, dada."

"Basi mlimpa muda wa kuipasha moto. Injini mbovu husumbua kuwaka ikiwa baridi. Ikishapata moto, huwezi kuujua ubovu wake. Na rangi mpya inaweza kuficha ufa."

"Mimi naogopa, dada. Yeye ananicheka."

Fundi Grisi akamsogelea. "Nilikuwa na mwenzangu. Aliingia chini ya mkono wa mtambo kukaza mpira wa oili. Alisema ni dakika moja tu. Hakutoka mzima. Wewe ogopa tu, una haki. Kesho asubuhi twende wote, bila simu."

Asubuhi walifika yadi ya mitambo ilipofunguliwa. Muuzaji alipowaona alibadilika uso. Fundi Grisi aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi.

"Washa," alimwambia mume.

Mtambo ulikohoa, ukazima. Ukakohoa tena. Mara ya tano ukawaka, ukatoa moshi mweusi. Fundi Grisi akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akailinganisha na ile ya kwenye karatasi za umiliki. Zilifanana. Hapo muuzaji akapumua.

"Sasa mkono," alisema Fundi Grisi. Alisimamisha ardhini kipande cha bomba alichokuja nacho, kirefu kama Mama Bomba mwenyewe. Akasogea mbali. "Inua ndoo, ilete juu ya bomba, bila kuligusa. Kisha zima injini ushuke. Mtu yeyote asikaribie."

"Kwa nini nizime?"

"Mkono unashikiliwa na oili iliyobanwa ndani ya mitungi hii ya chuma inayouinua. Kama mitungi inavuja ndani, mkono utashuka wenyewe, na kwa nje huoni kitu."

Wakasubiri. Ndoo ilibaki juu ya bomba, kiasi cha shubiri moja.

"Mmeona? Imetulia," alisema muuzaji.

"Subiri," alisema Fundi Grisi.

Mama Bomba hakupepesa macho. Ile nafasi ilipungua. Ikawa vidole vitatu. Ikawa kimoja. Hakuna aliyegusa kitu. Ndoo ilifika kwenye bomba, ikaendelea kushuka. Bomba likapinda, likapasuka kwa kishindo.

Mume aliangalia bomba. Akamwangalia mkewe. Akamshika mkono.

"Mama watoto," alisema, "nilitaka kukuweka pale."

Muuzaji alijitetea kwamba mtambo umepungukiwa oili kidogo tu. Hawakumsikiliza. Waliondoka.

Walitafuta kwa miezi miwili, na Fundi Grisi alikwenda nao kila mahali. Mwishowe walipata mtambo wenye rangi iliyobanduka na kiti kilichochanika. Ulikuwa na sura mbaya kweli. Lakini uliwaka ukiwa baridi, karatasi zake zilikuwa sawa, na mkono ulikaa juu nusu saa bila kushuka hata kidogo. Huo ndio walionunua.

"Hata huu msiuamini," Fundi Grisi aliwaonya. "Mtu asikae chini ya mkono. Kabla hajaingia mtaroni, mkono ulale chini, pembeni, na injini izimwe."

Siku ya kwanza ya kazi, mume alichimba mtaro wa kufika kiunoni. Akalaza mkono pembeni, akazima injini. Mama Bomba alisimama ukingoni. Miguu ilikataa kushuka.

"Bado naogopa," alisema.

Safari hii mume hakumcheka. Alishuka kwenye mtambo polepole, akishika kiuno. Akampa ufunguo wa mtambo.

"Kaa nao wewe. Mpaka utoke, hakuna wa kuuwasha."

Mama Bomba aliutia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akachukua bomba lake, akashuka.